Nimelala garini siku kumi na moja Pemba, na kisima cha Mkama Ndume kimeniachia suali

#1 MwendoPole

Asalaam aleykum wanabaraza.

Juzi nimerudi nyumbani Bububu, Unguja, nikitokea Pemba. Nilivuka na gari langu, Hiace kuukuu iliyokuwa ya abiria. Viti nimeving'oa vyote, seremala amenitilia kitanda cha mbao ambacho mchana kinakunjwa kikawa baraza. Chini yake yamekaa madumu mawili ya maji ya lita 20, mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili na betri ya pili. Juu ya paa kuna kipande cha sola cha taa na simu. Madirisha yote yana wavu wa mbu. Tulikuwa wawili, mimi na mke wangu, na hatukulala nyumba ya wageni hata usiku mmoja.

Nasema hivi, na atakayenipinga anipinge: Pemba watu tunaipita, hatuitembei. Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi. Ukishuka bandari ya Mkoani, kusini, asubuhi unaweza ukasali Adhuhuri Konde, kaskazini, na jioni ukawahadithia watu kuwa Pemba umeiona. Sisi siku ya kwanza hatukufika hata kilomita kumi na tano. Kila tukipanda kilima mke wangu anasema simamisha. Mara mzee anashona makuti, mara karafuu zimeanikwa kwenye majamvi na watoto wanazipindua kwa miguu, mara bonde la mpunga limeshuka chini kijani mpaka macho yanapoa. Nasimamisha. Tunashuka, tunasalimia, nusu saa imekwenda.

Sasa suali. Siku ya tatu tulikwenda Pujini, kusini mashariki ya mji wa Chake Chake, kuangalia magofu ya Mkama Ndume, anayehadithiwa kuwa mtawala wa zamani wa hapo. Kuna kisima pale kilichogawiwa kwa ukuta. Upande mmoja una ngazi za kushukia, upande wa pili ni wa kuteka kwa ndoo na kamba. Kijana aliyetutembeza akasema Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wenye wivu, akatia ukuta wasikutane majini. Mke wangu akamuuliza, "Na mwenye ngazi alikuwa mke mkubwa au mdogo?" Kijana akanyamaza. Nikauliza Chake, nikauliza Wete kwa muuza halua, kila mmoja na lake.

Kwa hiyo nauliza hapa: ukuta ule ulitiwa kwa nini? Na kama kweli ni wake wawili, ngazi ya nani na kamba ya nani?

#2 KahawaChungu

Waalaykum salaam. Uzi mtamu. Kabla ya kisima nataka kujua choo. Siku kumi na moja ndani ya Hiace, mlikuwa mnafanyaje?

#3 MwendoPole

@KahawaChungu suali la haki, kila mtu ameniuliza hilo. Jawabu ni misikiti. Pemba huendi mbali bila kuona msikiti, na msikiti una choo, una maji. Tunasali jamaa, tunajaza dumu kwa ruhusa, tunatia kitu kwenye sanduku. Upande wa mke wangu, yeye alikuwa akipiga hodi nyumba ya karibu, na mara zote alitoka na rafiki mpya na kitu mkononi.

Utaratibu wetu ulikuwa mmoja. Kabla ya jua kuzama tunamtafuta sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini. Namwambia mimi fulani, nimetoka Unguja, huyu mke wangu, tunaomba kulala hapa mpaka asubuhi. Hakuna aliyekataa. Mmoja alitaka kuona vitambulisho akaviandika kwenye daftari, na nilimuona amefanya sawasawa.

#4 BintiWete

Karibuni tena kwetu kaka, na mkeo msalimie sana.

Hadithi ya wake wawili ndiyo tuliyokulia nayo. Bibi yangu akisema ukuta ulishushwa mpaka chini ili mmoja asione hata kivuli cha mwenzake ndani ya maji. Mimi naona ngazi ni za mke mkubwa. Kushuka kwa ngazi ni heshima, kama bibi harusi anavyoteremshwa. Huyo mdogo na aungue viganja kwa kamba.

#5 Shokishoki

@BintiWete we sema tu umeolewa wa kwanza 😄

#6 Kale_na_Sasa

Nashukuru kwa uzi huu, lakini tusiiache hadithi ya wake wawili ikabeba kila kitu. Pale Pujini ni ngome. Kuna boma la udongo na ukuta uliozunguka eneo lote, na waliochimba pale wanaliweka kwenye karne ya 15. Mtu anayejenga boma la namna ile ana maadui nje, na jambo la kwanza la boma ni maji ndani. Kisima kile kilikuwa cha kuokoa roho za watu siku ya kuzingirwa.

Kuna na chumba cha chini ya ardhi, nacho ukutani kina sura ya siwa iliyotengenezwa kwa plasta. Siwa ni pembe ya utawala, haipigwi ovyo. Mimi nahisi maji na chumba kile vilikuwa na kazi ya pamoja. Upande wa ngazi ulikuwa wa mtawala na watu wake wa siri, upande wa kamba wa watu wote.

#7 BintiWete

@Kale_na_Sasa ngoja kaka, unachanganya. Chumba cha siwa na kisima ni vitu viwili mbalimbali. Huwezi kuchukua heshima ya chumba ukaimimina kisimani.

#8 Kale_na_Sasa

@BintiWete kweli ni viwili, sikusema ni kimoja. Nimesema nahisi, na hisia yangu bado naishikilia.

#9 NahodhaKojani

Nyote mnaangalia nchi kavu. Pujini pana hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na zamani vyombo vilikuwa vikiingia mpaka karibu na boma. Chombo kikifika bandarini kitu cha kwanza ni maji. Mabaharia kumi na tano wanataka kujaza mapipa. Weye mwenye boma utawaachia watu wa vyombo, hujui walikotoka, washuke ngazi mpaka kwenye maji ya nyumba yako? Hasha. Utawapa kamba na ndoo juu, wateke, waende zao. Upande wa ngazi ni wa wenyewe. Hiyo ndiyo akili ya bandari yoyote.

#10 FundiVisima

Salaam. Mimi kazi yangu ni kuchimba visima, nimeanza na marehemu baba nikiwa skuli bado, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Shimo jembamba linajishika lenyewe. Shimo pana linataka kuanguka, hasa masika udongo ukishiba maji. Ukitaka kisima kipana chenye ngazi ndani, lazima utafute kitu cha kuzisukuma kuta mbili zisikutane. Leo tunatia zege na nondo. Mtu wa zamani ana mawe na chokaa, anajenga ukuta wa kati. Ukuta ule unashika mzigo.

Halafu kuna jambo la pili ambalo mtu asiyewahi kuingia kisimani halijui. Palipo na ngazi pana miguu, na palipo na miguu maji yanatibuka. Ukitenga upande usioingiwa, tope linatua upande wa ngazi na upande wa kamba unabaki wa kunywa. Baba yangu aliwahi kufanya hivyo kwenye birika la ng'ombe: jiwe moja tu katikati, ng'ombe upande huu, watu upande huu.

Kwa hiyo kama kweli palikuwa na wake wawili, mwenye kamba ndiye aliyekunywa maji mazuri.

#11 Shokishoki

Fundi ametuvunjia ndoa nzima kwa chokaa na mawe. Lakini hiyo sentensi ya mwisho imempandisha cheo mke wa kamba. @BintiWete unasemaje?

#12 BintiWete

Nasema nitamuuliza bibi.

#13 MpembaWaBaridi

Waalaykum salaam nyote. Mimi mtoto wa Ole, Pemba, niko Uingereza mwaka wa kumi na tisa. Nimeusoma uzi huu koo imenikaza.

Huku magari ya kulala ni kitu cha kawaida. Yana jiko, friji, choo chenye tangi la kuvuta na kwenda kumwaga pahala maalumu. Mwaka juzi tulikodi moja na watoto, tukaenda Scotland kuizunguka ile njia ya North Coast 500. Ni maili 516, imeanza kutangazwa kwa jina hilo mwaka 2015, kabla ya hapo zilikuwa barabara tu za vijiji. Sheria yao inakuruhusu kulala popote nje ya mji. Lakini nikwambieni kitu: siku sita tulizotembea hakuna mtu aliyetuuliza tumekula nini. Watu wema, wanapunga mkono, wanapita. Nilipofika kwenye maneno ya "anatoka na rafiki mpya na kitu mkononi" nilisimama kidogo.

#14 Darubini

@MpembaWaBaridi marekebisho madogo ndugu yangu, mwengine asije akasafiri kwa maneno yako. Sheria ya Scotland ya mwaka 2003 inayotoa haki ya kupita na kulala nje inamhusu mtu wa miguu na hema. Magari haimo. Kulala ndani ya gari kunategemea mwenye ardhi na alama za pahala penyewe. Watu wengi wanalichanganya hilo.

#15 MpembaWaBaridi

@Darubini ahsante, sikulijua. Basi tulipata bahati tu.

#16 MzeeWaKengeja

Wanangu, nimewasoma wote. Kisima nitarudi kwacho. Kwanza nina neno na MwendoPole.

Mwanangu, umefanya vizuri kumuona sheha. Lakini sisi tuliolelewa zamani, mgeni halali garini. Mgeni akilala kwenye gari mbele ya mlango wangu, asubuhi majirani wataniuliza, "Ami, umemnyima kitanda?" Nitawajibu nini? Aibu ile inabaki kwangu, wewe umeshaondoka. Fikiria na hilo. Gari zuri, safari nzuri, lakini usimfunge mwenye nyumba mikono.

#17 MwendoPole

Shikamoo mzee. Maneno yako nimeyapokea, na yalitutokea hayo hayo.

Kijiji kimoja upande wa Micheweni, mwenye uwanja alikuja na taa saa mbili usiku. Akasimama nje ya gari, hataki kukaa, hataki kuondoka. Anasema ndani kuna chumba, kitanda kimetandikwa. Nikamwambia tunacho kitanda, njoo ukione. Akaingia, akakaa, akabonyeza godoro kwa kiganja, akaangalia wavu, akafungua dumu akanusa maji. Kisha akasema, "Haya, mtalala humu. Lakini hamtakula humu." Akaenda akarudi na mkewe na mkate wa mofa wa moto, mchuzi wa changu na kahawa. Tukakaa mlangoni mwa gari wote wanne mpaka usiku mwingi. Alfajiri ndiye aliyenigongea kioo kwenda kusali.

Ule mkate nauona mpaka leo. Umetoka kwenye tanuri una alama ya udongo upande mmoja, ukiukata moshi unatoka ndani. Mke wangu aliufunga kipande kwenye kanga tukaula siku ya pili Tumbe, sokoni, tunaangalia samaki wanavyonadiwa.

#18 MzeeWaKengeja

Huyo mtu ameokoa heshima ya kijiji chake. Allah amzidishie.

#19 KahawaChungu

Mnaliza watu. Haya MwendoPole, safari haikuwa na tabu hata moja?

#20 MwendoPole

Zilikuwepo. Ya kwanza bandarini, wakati wa kupandisha gari kwenye meli. Aliyekuwa akielekeza ananiambia njoo njoo njoo, kumbe nguzo iko hapo hapo. Ubavu wa kulia umekwaruzwa kutoka mlangoni mpaka nyuma, na hakuna aliyesema samahani. Nilikaa na uchungu mpaka katikati ya mkondo.

Ya pili kosa langu. Kule kaskazini, karibu na Verani, niliegesha kwenye mchanga mgumu juu ya alama ya maji, nikajua nimetosheka. Saa tisa usiku mke wangu ananiamsha, anasikia maji. Nawasha taa: maji yako kwenye tairi za nyuma. Gari likazama mpaka kwenye rimu. Wavuvi waliokuwa wakitayarisha dau ndio waliotuokoa. Mmoja akapunguza upepo tairi zote nne, wengine wakachimba kwa mikono na vifuu, wakafunga kamba ya nanga mbele, tukavutwa kwa hatua. Hawakutaka pesa. Walitaka kujua tu kwa nini mtu wa Bububu hajui mwezi.

#21 NahodhaKojani

Na suali lao lilikuwa la haki. Mwezi ulikuwa na siku ngapi?

#22 MwendoPole

Kumi na tano.

#23 NahodhaKojani

Bamvua hiyo mwanangu! Mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanapanda juu kabisa na kukauka mbali kabisa. Alama uliyoiona mchangani labda ilikuwa ya siku za maji mafu, yasiyopanda sana. Kwa anayetaka kufuata safari hii: usitazame mchanga, tazama taka. Mstari wa majani makavu, vifuu na vijiti vilivyotupwa juu kuliko vyote, huo ndio mpaka wa bahari. Egesha nyuma yake, na mbele ya gari iangalie bara ili ukitaka kutoka utoke moja kwa moja.

#24 Ninga

Mlipita Ngezi? Na popo wa Kidike?

#25 MwendoPole

Kote kote. Ngezi tulifika ofisi ya msitu tukachukua mtembezi, kwa sababu msitu ni hifadhi na kulala ndani hakuna. Akatuonyesha mpapindi, jamii ya mipopoo, akasema duniani unaota Pemba tu. Mti mwembamba, shina lina pete pete. Ningekuwa nimepita na gari nisingeliuona, ningesema ni mpopoo.

Kidike tulikaa jioni mbili. Popo wananing'inia mchana juu ya miti kama mifuko myeusi, jua likishuka wanaanza kujinyoosha mmoja mmoja, kisha wanaondoka kwa makundi. Bawa mpaka bawa unapata karibu mita moja na nusu. Mke wangu alikuwa akiogopa, amesikia wananyonya damu.

#26 Ninga

Mwambie hawanyonyi hata tone. Ni popo wa matunda: maembe, mashelisheli, kuyu. Nao wako Pemba peke yake. Zamani waliwindwa sana kwa nyama, na kufika mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa karibu kwisha. Waliowarudisha ni wanavijiji wenyewe, walipoamua kuvilinda viota vya miti yao na kuwafundisha watoto skuli. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao, tulikuwa tunaimba kuhusu popo. Leo nikiona watu wanakaa jioni mbili kuwaangalia nafurahi kupita kiasi.

#27 Darubini

@Ninga umesema vizuri ila popo hawana viota, wananing'inia tu. Nadhani ulikusudia miti wanayolala.

#28 Ninga

Ndiyo, miti ya kulala. Ahsante.

#29 MwendoPole

Jambo jengine dogo. Tukiwa njiani kati ya Chake na Wete usiku, dirisha wazi, harufu ya karafuu iliingia ndani ya gari ghafla, ikakaa kama dakika moja, ikatoka. Kesho yake tukarudi kwa mwendo wa miguu kutafuta inatoka wapi. Tukakuta banda la mtu mmoja, makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, yamerundikwa yanangoja kupelekwa kukamuliwa mafuta. Makonyo, wala si karafuu zenyewe. Ndio maana nasema Pemba ni mama wa karafuu, ndiko zilikoanza kabla hazijaja Unguja.

#30 Kale_na_Sasa

Hapo sikubaliani. Karafuu zilianza Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kutoka visiwa vya Mascarene (Mauritius na Réunion), na mashamba makubwa ya Sultani Sayyid Said yalikuwa huko huko. Kilichoibadilisha hesabu ni kimbunga cha Aprili 1872. Kiliiangusha mikarafuu na minazi ya Unguja vibaya sana, na Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ikachukua uongozi. Mama wa karafuu sawa, lakini ni mama wa kulea.

#31 MwendoPole

Mama wa kulea nimekubali. Nitamwambia na yule mwenye makonyo, maana yeye ndiye aliyeniambia vyengine.

#32 MzeeWaKengeja

Sasa nirudi kisimani. Hamjaligusa jina. Mkama Ndume. Kukama ni kumtoa ng'ombe maziwa. Ndume ni dume. Anayekama dume ni mtu wa namna gani? Ni mtu anayetaka maziwa pasipo na maziwa. Anachukua kwa asiye na kitu. Wazee wetu wakihadithia kuwa aliwajengesha watu boma lile wakiwa wamekaa kitako, wanasogea kwa makalio na mawe kichwani. Mtu aliyewafanyia watu hivyo, mnadhani alishughulika na raha za wake zake? Ukuta wa kisima ulikuwa wa kupima maji. Upande wake, na upande wa waliomjengea.

#33 Kale_na_Sasa

Mzee hapo umenifungua. Mimi nilisoma kuwa maana yake ni mkamua wanaume, yaani anawakamua watu kwa kazi. Yako imekwenda mbali zaidi, na kwa sarufi naiona imekaa vizuri kuliko hiyo.

#34 FundiVisima

Kwa heshima yako mzee, kupima maji kwa ukuta haiwezekani kama chini maji ni yale yale. Mshipa ni mmoja. Ukipunguza huku kunapungua na kule.

#35 MzeeWaKengeja

Maji ni yale yale, lakini kushuka na kuvuta si sawa, mwanangu. Anayevuta kwa kamba unaweza ukamhesabia ndoo.

#36 FundiVisima

Hilo sina jawabu lake.

#37 Shokishoki

Sasa tuna wivu, siwa, mabaharia, zege la kale na kuhesabiwa ndoo. Kisima kimoja.

#38 JamvilaMnazi

Nimechelewa kuuona uzi. MwendoPole, hukufika Mtambwe Mkuu? Kutoka Wete ni karibu, unangoja maji yakauke. Mwaka 1984 zilipatikana pale sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili, na dinari kadhaa za dhahabu, zimefichwa ardhini kwenye kitambaa. Nyingi zina majina ya watawala wa hapa hapa pwani. Mimi nikienda pale huwa namfikiria aliyezificha, alikusudia kurudi kesho.

#39 MwendoPole

Sikufika, nasikitika. Ras Mkumbuu nilifika, nikaona msikiti na makaburi ya nguzo. Mtu mmoja akaniambia hapo ndipo Kanbalu, mji wa kale alioutaja msafiri Mwarabu Al-Masudi katika karne ya 10.

#40 Kale_na_Sasa

Wako wanaosema ni hapo, na wako wanaoipeleka kwengine kabisa. Kitu kimoja tu ukiangalie siku nyengine: kwa nini msikiti na makaburi yamebaki na nyumba hazionekani? Watu waliishi kwenye udongo na miti, mawe wakayapa ibada na maiti.

#41 JamvilaMnazi

Si wote. Wenye uwezo walijenga mawe. Na mawe mengine yamechukuliwa baadaye na watu kujengea, hilo tunalijua kila kijiji.

#42 KahawaChungu

Unguja je? Nataka kufanya hivi na Noah yangu lakini meli siiwezi sasa hivi.

#43 MwendoPole

Unguja inafaa sana. Anzia miembe ya Bi Khole, Bungi, kivuli chake mchana kinatosha gari lako na la jirani. Endelea Kizimkazi Dimbani, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Rudi kwa Makunduchi na Jambiani, usikimbie. Shusha viti vya nyuma, tia godoro la inchi nne, na wavu ushone kwa velikro uweze kuuvua ukaufua. Mwanzo usinunue kitu chengine chochote. Utajua unachokosa usiku wa pili.

#44 BintiWete

Nimerudi. Bibi nimemuuliza. Ametimiza miaka themanini na nne na alikuwa mke wa pili, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka nilipomuuliza.

Amenijibu hivi, nanukuu kwa maneno yake: "Mwenye kamba ndiye mkubwa. Kamba unasimama juu, unaona nani anakuja. Ngazi ukishuka unakuwa shimoni, huoni mtu. Mdogo hupewa ngazi. Lakini akifika chini akitia mkono majini, yale maji ni yake mpaka apande." Halafu akanyamaza muda, akaniambia nimtie buibui jua linapiga.

#45 MwendoPole

Nimemsomea mke wangu hapa. Ameniomba simu, naandika anavyosema: "Dada BintiWete, mpe mkono bibi. Mimi nilisimama upande wa ngazi. Zimeharibika, nyasi zimejaa, sikushuka. Lakini niliita kwa sauti ndogo, na mume wangu alikuwa upande wa pili, na aliniitikia. Kwa hiyo kuonana hawakuonana, ila kusikiana walisikiana."

#46 Kale_na_Sasa

Hilo la sauti sikulisoma popote.

#47 FundiVisima

Inategemea ukuta umeshuka mpaka wapi. Ukirudi chukua kamba yenye jiwe, pima pande zote mbili, tupe urefu. Ukitofautiana nitabadilisha maneno yangu.

#48 MzeeWaKengeja

Mkirudi mpitie Kengeja. Nimekubali mlale garini, lakini kwa sharti la yule bwana wa Micheweni: hamtakula humo. Pahala pa kuegesha nimeshapachagua, pembeni ya mshelisheli. Nimesema pembeni, si chini yake. Shelisheli bivu likianguka saa nane za usiku juu ya bati la gari, mkeo hatalala tena.